Skii asubuhi, mshipi mchana: mwongozo kamili wa kutoka na familia pwani ya Tromsø

Kwa sisi tunaoishi pwani ya Troms, kaskazini mwa Norwei, Machi ndio mwezi wa kutoka na watoto. Jua limesharudi. Hutoweka mwishoni mwa Novemba, na kwa sababu ya milima watu wa Tromsø mjini hulisubiri hadi tarehe 21 Januari, siku ambayo watoto hula maandazi yenye jemu yanayoitwa solboller. Theluji bado ni nene, mchana una saa za kutosha, na samaki wamesogea karibu na nchi kavu. Shule za huku hufunga likizo ya baridi wiki ya 10 ya mwaka. Kukaa sebuleni wiki nzima na simu ni hasara kubwa.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Babu yangu alinipa mshipi kabla sijaanza darasa la kwanza, kwa hiyo bahari ya huku sikuiogopa, ila niliiheshimu. Theluji ndiyo nilianza nayo sifuri. Mwongozo huu nimeuandikia familia zetu zilizoko Norwei, Watanzania, Wakenya na Wakongo waliopokelewa katika manispaa za kaskazini, pamoja na ndugu anayekuja kutembea na hajui aanzie wapi. Ni mpango wa siku moja: skii (vibao virefu vya kuteleza juu ya theluji) asubuhi, moto na chakula adhuhuri, uvuvi mchana. Na yote humu nimeyapanga kwa kumtazama mtoto mdogo kuliko wote. Kama yeye hawezi, safari haiwezi.

Kwanza siku, halafu mahali

Wengi huanza kwa kuchagua mahali. Anza na siku.

Jioni ya kuamkia safari fungua yr.no, huduma ya hali ya hewa ambayo Wanorwei wengi huitumia. Usisome joto peke yake, soma na upepo. Nyuzi 10 chini ya sifuri kukiwa shwari mtoto anacheza na kucheka. Nyuzi hizo hizo zikiandamana na upepo wa mita 10 kwa sekunde, ngozi iliyo wazi hupata baridi kama ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Nyumbani kwetu tuna sheria yetu: mwenye umri chini ya miaka mitano hatoki baridi ikipita 10 chini ya sifuri, wala upepo ukipita mita 8. Unaweza kuweka kipimo chako, lakini kiweke mkiwa mezani. Ukikiweka mkiwa mlangoni na watoto wamekwisha kuvaa, utajidanganya.

Pili, tazama maji. Taasisi ya ramani ya Norwei, Kartverket, ina ukurasa uitwao Se havnivå. Unaandika jina la mahali, unapata saa za maji kujaa na maji kupwa. Hapo mtu wa pwani yetu yuko nyumbani: maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kila siku yakichelewa kwa karibu dakika 50, na mwezi mpevu au mwandamo huleta bamvua huku kama unavyoleta Pangani. Panga uvuvi uanguke saa moja au mbili kabla ya maji kugeuka na saa moja baada ya hapo. Skii zitaingia kwenye muda utakaobaki.

Tatu, fungua varsom.no. Ni huduma ya serikali inayotoa tahadhari ya maporomoko ya theluji kwa ngazi ya 1 hadi ya 5. Theluji huporomoka kwenye miteremko ya nyuzi 30 na zaidi, lakini ikishaanza kushuka hufika mbali bondeni, hata pale ulipodhani pametulia. Ndiyo maana sishauri familia changa iende milimani kabisa. Kattfjordeidet kule kwenye kisiwa cha Kvaløya ni pazuri mno na picha zake zinavutia, lakini miteremko ile waachie wenye mafunzo na vifaa. Sisi tuna njia zenye taa, na zinatutosha.

Vifaa bila kufilisika

Usinunue kitu kwanza. Manispaa nyingi zina kituo cha BUA kinachoazima vifaa vya michezo bure: skii, viatu, fimbo, sleji, hata pulka, kile kitanda kidogo cha kukokota mtoto. Unajiandikisha, unachukua, unarudisha. Ukitaka vya kwako, tafuta vilivyotumika kwenye Finn.no au kwenye masoko ya vitu vya mitumba ambayo shule na vilabu huandaa kila vuli. Mtoto hukua, skii za mwaka jana hazimfai mwaka huu. Mpya za nini?

Mtoto anayeanza apewe skii zenye urefu wa kimo chake au zaidi kidogo tu. Chagua zile wanazoziita smørefri, zisizohitaji kupakwa nta. Chini zina magamba au kipande cha manyoya mafupi kinachozuia kurudi nyuma. Hakikisha kiatu na kibanio ni vya mfumo mmoja kwa kukifunga na kukifungua mbele ya anayekupa. Kiatu kiwe na nafasi ya vidole kuchezacheza ndani ya soksi nene. Kiatu kinachobana huzuia damu, na mguu usiopata damu huganda hata ukivaa soksi tatu.

Kwa uvuvi: fimbo moja ya wastani ya futi 8 au 9 na rili yake, mshipi wa milimita 0.30 hivi, na vyambo vya chuma vitatu au vinne vya gramu 28 hadi 60. Ongeza kisu, koleo la kutolea ndoana, ndoo, na rungu dogo la mti. Na jaketi okoa maisha kwa kila mtoto, hata mkivua mkiwa nchi kavu. Juu ya hili sina mjadala na mtu. Maji ya fiodi, ule mkono mwembamba wa bahari unaoingia kati ya milima, mwezi wa Machi hayagandi kwa sababu ya mkondo wa bahari unaotoka kusini, lakini yana joto la nyuzi chache tu juu ya sifuri. Anayetumbukia pumzi humkatika kwanza kwa mshtuko, kabla hata hajakumbuka kuogelea.

Sufu

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo tulipokosea.

Baridi yetu ya kwanza nilimvisha binti yetu wa miaka miwili suruali na soksi za pamba, juu yake koti zito zuri, nikamfunga kwenye pulka. Mimi nilikuwa nakokota, natoka jasho, nimefungua hadi zipu ya shingo. Yeye alikuwa ameketi kimya. Tukasema amelala. Baada ya kama nusu saa mama yake akasema, hebu simama kwanza. Akamvua glovu. Ncha za vidole vyake vitatu zilikuwa nyeupe, nyeupe ya nta ya mshumaa, na ukizibonyeza hazibadiliki rangi. Mama yake alifungua koti lake mwenyewe, akauingiza mkono ule kwapani kwenye ngozi, akakaa nao hivyo tukiwa tumechutama katikati ya njia. Ikachukua muda. Halafu mtoto akaanza kulia kwa uchungu wa damu kurudi, na kilio kile kilikuwa sauti nzuri kuliko zote nilizosikia mwaka ule.

Basi tangu siku hiyo ni hivi. Karibu na mwili ni sufu tupu, juu na chini, ya kubana kidogo. Pamba ikilowa jasho hubaki imelowa na kukunyonya joto, sufu hata ikiwa na unyevu inaendelea kukupa. Tabaka la pili ni sweta la sufu au la flisi. La tatu ni la kuzuia upepo na maji. Mikononi tumia glovu ambazo vidole vinne vinakaa chumba kimoja, na ndani yake glovu nyembamba za sufu. Shingoni pete ya kitambaa cha sufu, si skafu ndefu, maana skafu hunasa kwenye fimbo na kwenye kamba za pulka. Beba seti moja kavu ya glovu na soksi kwa kila mtoto ndani ya mfuko wa plastiki. Watazilowesha tu.

Mtoto aliyeketi ndani ya pulka hatembei, kwa hiyo hatengenezi joto. Avae tabaka moja zaidi yako, awe juu ya ngozi ya kondoo au mkeka wa povu, na kila dakika 15 mmoja wenu asimame apime: shingo kwa nyuma iwe ya moto, vidole viwe vya waridi, aitikie ukimwita. Weupe ukionekana shavuni au puani, weka kiganja chako chenye joto mpaka rangi irudi. Usisugue, na usisugue kwa theluji hata kama mzee wa jirani anasema ndivyo ilivyo. Weupe usipoondoka au ngozi ikiwa ngumu, ingieni ndani na mpige 113, nambari ya wagonjwa.

Asubuhi kwenye njia yenye taa

Tromsø imejengwa juu ya kisiwa, na mgongoni mwa kisiwa hicho inapita njia ndefu ya skii yenye taa, lysløype. Mtambo huipitia na kuchora mifereji miwili ya kuongozea skii. Ukifungua skisporet.no utaona imepitiwa lini. Kwa wanaoanza kabisa napenda Charlottenlund, uwanja wa mapumziko ulio hapo hapo kisiwani wenye vilima vya watoto na mahali pa kuwashia moto. Hakuna kiingilio.

Saa ya kwanza fimbo ziache kwenye gari. Mtoto mwenye fimbo huzitegemea na hajifunzi kusimama katikati ya miguu yake. Mwache atembee na skii moja kama anayesukuma skuta, abadilishe mguu, kisha zote mbili penye tambarare. Mfundishe kuanguka: kaa chini kwa ubavu. Na kuinuka: jiviringishe upige magoti, skii zikiwa sambamba, weka mguu mmoja, kisha wa pili. Fanyeni hivyo mara kumi kama mchezo kabla ya kilima chochote.

Kupanda kilima kuna mtindo ambao Wanorwei huuita fiskebein, mfupa wa samaki: ncha za mbele zinafunguka nje, visigino vinakaribiana, na alama zinazobaki kwenye theluji zinafanana kabisa na miba ya changu mgongoni. Mwanangu aliuelewa siku nilipomwonyesha kwenye sahani. Kushuka ni kinyume chake: ncha za mbele zikaribiane, visigino vifunguke, magoti yapinde. Walimu huwaambia watoto watengeneze pizza. Kadiri kipande kinavyokuwa kipana ndivyo unavyopunguza mwendo.

Adabu ya njiani ni fupi: usitembee kwa miguu juu ya mifereji, anayeshuka mpishe, ukianguka ondoka njiani kwanza ndipo ujipanguse. Saa moja na nusu inamtosha mtoto wa miaka sita. Acheni wakati bado anataka kuendelea.

Moto, chai, na muda wa kuamua

Chakula cha huku ni soseji za kuchoma kwenye kijiti, chungwa, na chokoleti ya Kvikk Lunsj iliyoanza kuuzwa mwaka 1937. Sisi tunaongeza chapati. Zifunge kwenye karatasi ya fedha zikiwa za moto, zitie ndani ya soksi kubwa ya sufu, ziweke katikati ya begi. Saa tatu baadaye bado zinakunjika. Chai ya tangawizi kwenye themosi, ya watoto chupa yake mbali, isiyo ya moto sana.

Kuni beba kutoka nyumbani au nunua kituo cha mafuta. Usibandue gome la mti ulio hai, jirani atakasirika na ana haki. Moto wa wazi msituni au karibu na msitu unakatazwa kuanzia 15 Aprili hadi 15 Septemba, hivyo Machi mko salama kisheria. Kila mtu awe na kipande cha mkeka wa povu cha kukalia.

Mkiwa hapo ndipo muda wa kuamua: tunaendelea baharini au tunarudi? Wanorwei wana kanuni tisa za mlimani, fjellvettreglene, zilizosambazwa kwa nguvu baada ya Pasaka ya 1967 ambapo watu 18 walikufa milimani. Ya nane inasema si aibu kugeuka. Sisi wageni tunaihitaji kuliko wenyeji, maana tumeendesha gari, tumevisha watoto saa nzima, na tunaona aibu kumwambia Mama Neema aliyekuja na wanawe kwamba safari imeishia hapa. Mwambie. Atashukuru.

Kuvua kutoka nchi kavu

Kuvua baharini kwa fimbo au mshipi wa mkono kwa matumizi ya nyumbani ni bure, huhitaji leseni. Maziwa na mito ni habari nyingine: huko unanunua kadi ya uvuvi, nyingi zinapatikana inatur.no, na samaki wa aina ya salmoni wana ada yao ya serikali kwa watu wazima.

Kutoka mjini vuka daraja la Sandnessund kuingia Kvaløya. Mara ya kwanza chagua gati kwenye fiodi tulivu, penye kina karibu na ukingo. Kama ni gati la kazi, muulize unayemkuta: kan vi fiske her, yaani, tunaweza kuvua hapa? Hatujawahi kukataliwa kwa swali hilo, ila kuna mara tuliombwa tusogee upande. Mkishazoea nendeni Straumhella, karibu na Rystraumen, mlango mwembamba ambamo maji ya bamvua hupita kwa kasi kama mto. Pana mahali pa kuwashia moto na samaki ni wengi kwa sababu mkondo huwaletea chakula. Mkondo huo huo ndio unaonifanya nisimwachie mtoto mkono pale hata kwa sekunde moja. Mawe yaliyolowa Machi yana ganda la barafu usiloliona. Mtu mzima mmoja anavua, mwingine anashika watoto, na mnabadilishana.

Tupa chambo, acha kizame mpaka mshipi ulegee, ndiyo umefika chini. Zungusha rili mara mbili usinase kwenye mawe. Kisha inua fimbo polepole, shusha, inua. Torsk (cod kwa Kiingereza), ambaye nyumbani kwetu tunamwita torski, hukaa chini na huchukua chambo kikiwa kinashuka. Utahisi uzito tu, kama mshipi umenasa kwenye gunia. Sei (saithe kwa Kiingereza) hukimbia makundi makundi katikati ya maji, yeye hupiga kwa kishindo. Ukiona hakuna kitu chini, anza kukokota kwa kasi zaidi na juu zaidi. Kuanzia Januari hadi Aprili torski wakubwa kutoka Bahari ya Barents, skrei, hufika pwani kutaga, na wengi wao huelekea visiwa vya Lofoten.

Baridi itagandisha maji kwenye vipete vya fimbo mpaka mshipi usipite. Usiivunje barafu hiyo kwa kucha. Chovya ncha ya fimbo baharini na uhesabu hadi ishirini. Bahari ina joto kuliko hewa.

Samaki wana vipimo vyao. Kwa huku kaskazini torski asiwe chini ya sentimita 44, hyse (haddock) 40, kveite (halibut) 84, na kveite anayepita mita mbili hurudishwa majini. Mimi nimefunga utepe mwekundu kwenye fimbo kwa sentimita 44, watoto wanapima wenyewe na wanasimamia sheria kuliko mimi. Programu ya simu iitwayo Fritidsfiske, ya idara ya uvuvi, huonyesha vipimo vya sasa. Itazame kila msimu. Usivue ndani ya mita 100 kutoka vizimba vya kufugia samaki.

Aliyepatikana mpige rungu utosini mara moja, kwa nguvu, halafu kata koo chini ya matamvua na umtie kwenye ndoo ya maji ya bahari atoke damu. Kwa Waislamu samaki hahitaji kuchinjwa, najua. Hii ni kwa ajili ya nyama kuwa nyeupe na kutoharibika. Waache watoto waone. Waeleze unachofanya na kwa nini unakifanya haraka. Mkipata wanaotosha milo miwili, kunjeni mshipi.

Boti waachieni kiangazi, na hata hapo, kwenye boti ya chini ya mita 8 sheria inataka kila mtu avae jaketi ikiwa inatembea. Barafu ya ukingoni mwa fiodi msiikanyage, maji ya chumvi hutengeneza barafu dhaifu na maji yanayopwa huiacha ikining'inia bila kitu chini. Nambari za kuandika kwenye simu kabla ya kutoka: 113 ya wagonjwa, 112 ya polisi, 120 ya dharura za baharini. Weka pia programu ya Hjelp 113, inampa anayepokea simu mahali ulipo.

Mkifika nyumbani

Samaki kwanza, kabla mwili haujalegea. Pasua tumbo, toa matumbo, osha kwa maji baridi. Unaweza kuona vijinyoo vyeupe vilivyojikunja kama springi ya saa, kveis. Ni kawaida, vitoe, na pika mpaka nyama iachane na mwiba. Ini Wanorwei hulipenda pamoja na mayai ya samaki na torski wa kuchemsha, mlo uitwao mølje, lakini mamlaka ya chakula inashauri watu wasile ini la samaki waliojivulia karibu na pwani kwa sababu ya sumu zinazojikusanya humo, na watoto na wajawazito wasile ini kabisa. Mayai hayana neno. Kichwa usitupe: supu yake na ndimu na pilipili ndiyo malipo ya siku.

Nyama ya torski huachana vipande vikubwa, ukimkaanga kama changu atabomoka. Mchome kwenye oveni, au mtie kwenye mchuzi dakika tano za mwisho. Sei ni mgumu zaidi, anastahimili nazi na kugeuzwa. Jirani zangu Wakongo walimtambua mara moja: sei wa Norwei aliyetiwa chumvi na kukaushwa husafirishwa hadi Kongo, na huko ni makayabu.

Wakati supu inachemka mmoja ashughulike na nguo. Sufu itandazwe kwenye kamba, isiingie kwenye mashine ya kukaushia. Viatu vya skii vitolewe soli za ndani na vijazwe magazeti yaliyokunjwakunjwa, visiwekwe karibu na jiko, gundi yake huachia. Magazeti hayo yabadilishe mara moja kabla ya kulala, maana ya kwanza hulowa ndani ya saa mbili, na watoto wakiamka watauliza kama leo tunaenda tena.